Miguu ya Gari la Zamani: Kianze Kipi?

Peleka gari gereji kwa sababu ya miguu, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na swali la kwanza la fundi litakuwa lilelile: "Linagonga wapi?" Mwenye gari anaonyesha kwa kidole, fundi anapanda, wanazunguka nalo kwenye mtaa wenye mashimo, na wakirudi kipuri kinachopiga kelele kimeshajulikana. Kinanunuliwa, kinafungwa, kelele inakoma. Miezi michache baadaye gari limerudi na kelele nyingine, safari hii upande wa pili. Mtu anaweza kutengeneza miguu ya gari moja miaka mitatu mfululizo kwa mtindo huo, akalipa mara nyingi, na bado akaendesha gari lisilotulia.

Mafundi si wavivu wala wateja si wajinga. Kasoro imo katika kipimo chenyewe. Kelele inaonyesha kipuri kilicholegea, lakini haisemi kama kipuri hicho kina hatari, wala kama ndicho kinachoviua vingine. Mpango mzuri wa kufufua miguu ya gari la zamani unapangwa kwa kuangalia kila kipuri kina kazi gani, na siku kikishindwa kazi hiyo nini kitatokea.

Gari linaingia likiwa limeshazeeka

Magari mengi ya watu binafsi Afrika Mashariki yanakuja yakiwa yametumika Japani. Kenya hairuhusu gari lililozidi umri wa miaka 8 kuingizwa nchini. Uganda imeweka ukomo wa miaka 15. Tanzania hulitoza gari kuukuu ushuru wa ziada kwa sababu ya umri wake. Kwa vyovyote vile, gari linaloitwa jipya siku ya kushuka bandarini lina mpira wa miaka saba, kumi, au zaidi. Kule lilikotoka, gari la mtu binafsi hukaguliwa kisheria miaka mitatu baada ya kununuliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili, na wenye magari wengi huona afadhali kuuza kuliko kulipia ukaguzi pamoja na matengenezo yatakayodaiwa. Ndiyo maana gari huweza kubadilisha mikono wakati uleule ambao miguu yake inakaribia kudai fedha.

Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi hazielezi habari yote. Mpira hukauka kwa joto, kwa hewa, kwa oili inayoudondokea na kwa miaka tu, hata gari likiwa limeegeshwa. Gari la kilomita 60,000 lenye miaka kumi na minane linaweza kuwa na bushi zilizopasuka zaidi kuliko teksi ya kilomita 150,000 yenye miaka saba. Ongeza matuta ambayo hayakuwekewa alama, rasta zinazotikisa bodi nzima, na barabara za vumbi zenye makunyanzi, ambako gurudumu hupanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde moja. Hapo shokapu haipati nafasi ya kupoa. Oili yake huchemka, huanza kutoa povu, na nguvu ya kutuliza hupungua ungali njiani.

Vipuri vingi, kazi nne

Chukua Corolla ya kizazi kilichotoka mwaka 2000 hadi 2006, ile ambayo Wakenya wanaiita NZE. Ni mfano mzuri kwa sababu mpangilio wake unafanana na wa magari mengi madogo barabarani: mbele shokapu na springi zimeshikana kwenye nguzo moja kila upande, nyuma kuna boriti moja inayounganisha magurudumu mawili. Ukihesabu sehemu za mbele zenye mpira au kichwa cha duara unapata 16: bushi nne za mikono ya chini, boljointi mbili, rekendi mbili, tairodi mbili, linki mbili za stabilaiza, bushi mbili za stabilaiza na mautingi mbili. Nyuma kuna bushi mbili kubwa za boriti. Juu ya hayo kuna shokapu nne na springi nne.

Orodha hiyo inatisha hadi uigawe kwa kazi. Kundi la kwanza ni vipuri vinavyolishika gurudumu na kulielekeza: boljointi, tairodi, rekendi, pamoja na beringi ya gurudumu. Kundi la pili ni bushi, ambazo huliacha gurudumu lipande na kushuka bila kwenda mbele, nyuma wala pembeni. La tatu ni shokapu na mautingi zake, kazi yake kutuliza mtikisiko. La nne ni springi, na hizo ndizo zinazobeba uzito. Stabilaiza husimama kando kidogo. Kazi yake ni kupunguza gari kulala upande kwenye kona.

Watu wengi huchanganya kundi la tatu na la nne. Gari likiinama upande mmoja, mwenye nalo husema shokapu zimekufa, wakati kilichochoka ni springi. Shokapu haibebi gari. Ndani yake mna oili na pistoni yenye matundu madogo, na ugumu wake ni kama wa pampu ya baiskeli uliyoiziba mdomo kidogo: kadiri unavyosukuma kwa haraka ndivyo inavyokataa. Nguvu ya mtikisiko hugeuka joto, joto hutoka kupitia bodi ya shokapu. Nyingi za kisasa zina gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa ili oili isitoe povu. Sili ikichoka, oili hutoka, na springi hubaki ikirusha gari bila wa kuizuia.

Nguzo ya mbele ya Corolla ina jambo moja zaidi. Mpangilio huu ulibuniwa na mhandisi wa Kimarekani, Earle MacPherson, katika miaka ya 1940, na Ford wakaupeleka sokoni mwaka 1950 katika magari ya Consul na Zephyr. Alichokifanya ni kuondoa mkono wa juu kabisa na kuiachia shokapu ifanye kazi yake. Kwa hiyo kwenye magari ya aina hii shokapu ya mbele hutuliza mtikisiko na papo hapo hulisimamisha gurudumu wima. Ikilegea ndani au ikipinda, hata bila kuvuja tone la oili, usukani huyumba na matairi huliwa upande.

Vipuri vinavyofichana

Kutengeneza kwa kufuata kelele kunashindwa hasa kwa sababu vipuri vya miguu huchoka pamoja na kufichana. Shokapu iliyokufa huacha gurudumu lirukeruke, na kila mruko hupiga boljointi na bushi. Bushi iliyopasuka huacha mkono wa chini usogee, na msogeo huo huvuruga mwelekeo wa gurudumu kila unaposhika breki. Mwenye gari anahisi gari "linavuta", anapelekwa kwenye alaimenti, vipimo vinakaa sawa gari likiwa limesimama, na wiki mbili baadaye tatizo limerudi. Mtambo haukukosea. Ulipima gari ambalo halibaki vile lilivyopimwa.

Kuna pia suala la nani anapiga kelele. Linki ya stabilaiza ni kipuri kidogo, cha bei nafuu, na ikilegea hugonga kwenye kila kijishimo hadi abiria wa nyuma asikie. Ikikatika kabisa, gari litalala zaidi kwenye kona, lakini gurudumu litabaki mahali pake. Boljointi ni kinyume chake. Inaweza kuwa imelegea vibaya na bado ikawa kimya au ikatoa mlio hafifu tu, kisha siku ikichomoka gurudumu linalala chini ya bodi na dereva hana tena usukani kwa upande huo. Anayeyapanga matengenezo kwa sauti ataanza na linki na kuiacha boljointi, yaani atatumia fedha zake za kwanza mahali pasipo na hatari.

Kubadilisha kipuri kimoja nako kuna matokeo ambayo wengi huyatafsiri vibaya. Ukifunga shokapu mpya ngumu juu ya bushi zilizochoka, kelele ambazo zilikuwa zimemezwa na ulegevu wa zamani huibuka. Mteja anasema fundi ameharibu, fundi anasema spea ni feki, na mara nyingi wote wawili wamekosea: shokapu mpya imeanza kusukuma vitu ambavyo ya zamani haikuwa na nguvu ya kuvisukuma.

Kupima kabla ya kununua

Njia inayopendwa ni kukandamiza kona ya gari kwa mikono na kuachia. Likipanda na kushuka zaidi ya mara moja, shokapu imekufa. Kipimo hicho ni cha kweli upande mmoja tu. Shokapu iliyopoteza nusu ya nguvu yake, au iliyokwama kwa msuguano wa ndani, huweza kukipita bila taabu. Angalia pia oili kwenye bodi yake. Unyevu mwepesi uliokamata vumbi ni jambo la kawaida, oili inayotiririka si ya kawaida.

Tairi ndilo shahidi anayesema kweli zaidi. Likiliwa ukingo mmoja tu, shuku mlalo wa gurudumu, bushi au nguzo iliyopinda. Uso ukiwa na makali unapopitisha kiganja upande mmoja na laini unaporudisha, mwelekeo wa mbele umevurugika, na tairodi ndizo za kuangaliwa kwanza. Likiwa na mabonde mabonde kuzunguka, gurudumu limekuwa likiruka, na hapo shokapu ndiyo mtuhumiwa. Kabla ya yote pima upepo, kwa sababu tairi lenye upepo usio sahihi hutoa ushahidi wa uongo.

Kisha gari linyanyuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi. Shika gurudumu juu na chini, tikisa. Ulegevu unaelekeza kwenye boljointi au beringi. Shika kushoto na kulia. Ulegevu unaelekeza kwenye tairodi au rekendi. Kwenye Corolla na magari mengine ambayo springi iko kwenye nguzo, gurudumu liachwe lining'inie. Kwenye magari ambayo springi imekalia mkono wa chini, jeki iwekwe chini ya mkono wenyewe, la sivyo springi itaibana boljointi na kuuficha ulegevu. Bushi hupimwa kwa mtaimbo mdogo: unasukuma mkono na kutazama kama mpira unaachana na chuma. Mautingi hupimwa gari likiwa chini, mtu mmoja akizungusha usukani na mwingine akiwa ameweka kiganja kwenye springi. Springi ikikwama kisha ikaruka, beringi ya juu imekwisha. Urefu wa springi hupimwa kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kushoto kulinganishwa na kulia.

Upimaji huu hauhitaji mashine. Unahitaji muda na mahali pa tambarare, na matokeo yake yaandikwe kabla ya mtu yeyote kwenda dukani.

Orijino, mtumba au mpya ya bei rahisi

Dukani mnunuzi hukuta njia tatu: kipuri cha kiwanda kwa bei ya juu, kilichotumika kutoka Japani, na kipya cha kampuni asiyoijua. Mjadala huu hupamba moto kwa sababu unaulizwa kwa jumla, wakati jibu hubadilika kipuri kwa kipuri.

Kwa vitu vya chuma kitupu, mtumba una hoja. Mkono wa chini usiopinda wala kuliwa na kutu, ukishindiliwa bushi mpya kwa presi, unaweza kuwa bora kuliko mkono mpya wa bati jepesi. Springi ya mtumba kutoka gari la aina ileile nayo inafaa, ikiwa urefu wake umelinganishwa na wa mwenzake. Kwa vitu vya mpira hoja hiyo inaanguka. Bushi na mautingi za mtumba zimezeeka sawa na zile unazozitoa. Boljointi ya mtumba ni bahati nasibu, kwa sababu huwezi kujua ni lini kifuniko chake kilipasuka na mchanga ukaingia.

Shokapu za mtumba ndizo zinazogawa watu. Mashabiki wake husema orijino iliyochoka kidogo huishi kuliko mpya ya ovyo, na mara nyingine wanashinda. Tatizo ni kwamba hakuna anayeipima pale dukani zaidi ya kuibonyeza kwa mkono, na kampuni za shokapu zenyewe huwa zinashauri ukaguzi zinapofika kilomita 80,000 au karibu na hapo, umbali ambao gari nyingi za mtumba zimeshaufikia. Tena jina la kiwanda cha gari si lazima liwe jina la aliyeitengeneza shokapu. Sehemu kubwa ya shokapu za magari ya Kijapani hutoka kwa kampuni za kazi hiyo, kama vile KYB, ambazo pia huuza kwa jina lao wenyewe. Hiyo ni njia ya kati inayosahauliwa, ilimradi duka ni la kuaminika, kwa kuwa maboksi ya majina makubwa huigizwa.

Iwe ni njia ipi, nunua kwa namba ya chesisi, si kwa jina la gari. NZE121 na NZE124 zote ni Corolla za miaka ileile, lakini ya pili huvuta magurudumu yote manne na nyuma yake ni tofauti kabisa.

Bushi ngumu za plastiki ya poliyuretheni zinasifiwa kwa kudumu, na ni kweli hazidhuriwi haraka na oili. Ila zinafanya kazi kwa kuteleza, hivyo zinahitaji grisi yake maalumu, na vumbi likiingia huanza kulia na kusaga. Pia zinapitisha mtetemo mwingi hadi kwenye bodi. Kwa gari la familia linalopita barabara ya vumbi, mpira mzuri unatosha. Bushi za kuchonga mtaani zinafaa kulifikisha gari nyumbani, zisiwe ndizo mpango wenyewe.

Kazi nzuri huharibiwa na nati

Kosa moja la ufungaji huua bushi mpya mapema kuliko barabara. Mpira wa bushi umegandishwa kwenye bomba la ndani na la nje. Hauzunguki, unajisokota na kurudi. Fundi akikaza nati gari likiwa hewani na magurudumu yakining'inia, bomba la ndani linashikwa katika mkao huo. Gari likishuka, mpira unabaki umesokotwa saa zote, hata likilala uani. Kila tuta linauongezea msokoto, na baada ya miezi umechanika. Mteja analaumu duka. Dawa yake haina gharama: nati za bushi zifungwe kwa kushikiza tu, gari lishushwe au mkono uinuliwe kwa jeki hadi kimo cha kawaida, ndipo zikazwe.

Shokapu zibadilishwe mbilimbili, kushoto na kulia pamoja, ili gari lisiwe na tabia mbili. Zikifunguliwa, mautingi, vizuizi vya mpira na vifuniko vya vumbi vibadilishwe papo hapo, maana gharama ya kufungua imeshalipwa. Springi ishushwe kwa chombo cha kuibania. Anayetumia kamba au waya anacheza na nguvu inayoweza kuvunja taya. Na ukigusa tairodi, rekendi, mikono au nguzo, alaimenti ni sehemu ya kazi. Omba karatasi ya vipimo, kabla na baada.

Kuinua gari kwa spesa ni jambo la peke yake. Sababu yake inaeleweka: matuta yanakwangua. Lakini spesa inalazimisha mikono na sivi jointi zikae kwenye pembe ambazo hazikupangiwa, inaondoa sehemu ya safari ya gurudumu kushuka chini, na inavuruga vipimo vya alaimenti. Kabla ya kuinua, pima urefu. Gari nyingi zinazodhaniwa ni fupi zimeshuka tu kwa springi zilizochoka, na springi mpya za kiwango cha kiwanda hurudisha kimo bila madhara hayo.

Yote kwa mkupuo, au kidogo kidogo?

Kubadilisha kila kitu siku moja kuna faida mbili: unalipia kufungua mara moja, na hakuna kipuri kipya kinachopigwa na cha zamani. Wachache wana fedha hiyo kwa pamoja, na hata wenye nayo wasianze kabla ya kukagua kutu mahali nguzo zinaposhikilia bodi na hali ya boriti ya nyuma. Bodi iliyooza pale haiokolewi na shokapu mpya.

Kwa walio wengi, mpango hujengwa kwa kanuni mbili zinazokwenda pamoja: hatari ipange mstari, na ufunguaji upange mafungu. Fungu la kwanza ni boljointi, tairodi na rekendi zilizoonekana kulegea, pamoja na bushi za mkono wa chini kwa sababu mkono umeshashushwa, kisha alaimenti. Fungu la pili ni shokapu za mbele na mautingi zake. Linki za stabilaiza zinaingia humo, kwa kuwa kwenye Corolla zimefungwa kwenye nguzo zilezile. Kisha alaimenti tena. Fungu la tatu ni nyuma: shokapu, bushi za boriti, na springi ikiwa vipimo vimeonyesha zimeshuka. Kati ya fungu na fungu inaweza kupita miezi, bila hasara kubwa.

Ugumu wa mpango huu hauko kwenye ufundi. Mwenye gari atamaliza fungu la kwanza akiwa ametoa fedha nyingi, gari likiwa salama kuliko lilivyokuwa, na bado linagonga, kwa sababu linki hazijafikiwa. Mafundi wanalijua hilo, na ndiyo maana wengi huanza na linki: mteja hulipa kwa furaha akiondoka kimya kimya, na hugomba akiondoka na kelele. Fundi atakayethubutu kufuata mstari wa hatari anahitaji mteja aliyeelezwa mapema kitakachobaki kikigonga, kwa muda gani, na kwa nini hakitamuua. Makubaliano hayo yakiandikwa kwenye karatasi ileile ya upimaji, pamoja na tarehe na kilomita, fundi anapata ujasiri wa kuanza na boljointi, na mteja anajua fungu lijalo atalinunulia nini.